Majina ya Watu wa Ramani

Jumatatu, 7 Machi 1977

Matayo,

Wamekuja leo. Luteni na askari watatu, landrova mlangoni kabisa. Walitaka masanduku ya kazi yako ya jangwani. Sijayafungua tangu tukuzike, miezi mitatu sasa.

Wamemwaga vyote sakafuni. Mawe ya kusagia, maganda ya mayai ya mbuni, mifuko ya majivu yenye namba kwa mkono wako. Askari mmoja alinusa majivu, akapiga chafya. Vipande vile ulikuwa ukivisugua kwa mswaki wangu wa zamani, ukivipuliza kama chai ya moto.

Kisha luteni akakunjua ramani ya Turkana. Ile yenye nukta na mistari.

"Mama, hii njia ya magendo. Watu gani nakwenda hapa?"

Nikamweleza kama ulivyonieleza. Watu wa kale. Hawakulima. Wakati wa mvua walichuma mbegu za nyasi huku, kiangazi wakahamia kwenye miti ya mikoma karibu na maji, na kule walikotoka kukapumzika. Nukta ni meko yao.

"Nakufa lini?"

"Miaka elfu nne, afande."

Akatazama nguo yangu nyeusi. "Basi hiyo matanga yako ni refu sana."

Wamemchukua Erastus! Mdogo wako alikuja kunitengenezea mlango tu. Ramani ni yako, si yake. Luteni anasema ndugu ni ndugu.

Jumanne, 8 Machi

Nimepeleka ugali na dagaa kambini. Askari wa lango amekula mbele yangu, akasema dagaa hawana chumvi.

Luteni anataka majina. Kila mstari una watu wake, anasema, na watu wana majina. Mwisho kesho kutwa. La sivyo nije na mkokoteni kumchukua Erastus.

Nilimsikia toka ndani: "Shemeji Roselyn, usitaje mtu!" Halafu sikumsikia tena.

Jumatano, 9 Machi

Nimeandika marehemu tu. Watatu. Baba yangu. Dada yako aliyefariki akijifungua. Babu yako wa Masinya, Egesa Makokha, aliyekuwa akificha karanga ndani ya kofia. Nimewaomba radhi mmoja mmoja. Wao hawawezi kupigwa tena.

Ijumaa, 11 Machi

Ameachiliwa! Kaja kwa miguu. Meno mawili ya mbele hayapo, vidole havikunjiki. Amekunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo. Hakuniuliza nimeandika nani.

Nimeimba nikifua shati lake.

Jumapili, 13 Machi

Anjeline kaja kutoka Masinya, vumbi mpaka magotini. Wamemchukua mumewe, binamu yako Fundi.

Fundi! Sote tunamwita hivyo, hata mkewe, kwa sababu jina la mzee haliitwi ovyo. Alizaliwa baada ya mazishi ya babu, akapewa jina lake lote. Ndivyo tunavyofanya kwa kila anayetutoka. Egesa Makokha. Nimeliandika kwa mkono huu na sikumkumbuka.

Alikuwa akipanda mbegu za wimbi. Walifika na karatasi wakauliza Egesa Makokha ni nani. Akadhani ni watu wa kuandikisha mashamba. Akawakimbilia, jembe begani: "Ndiye mimi! Ndiye mimi!" Wakampiga kwa mpini wa jembe lake.

"Dada, wewe umesoma," Anjeline akaniambia. "Niandikie barua kwa huyo afande. Mwambie wamekosea mtu."

Nikashika kalamu. Nikaandika tarehe, nikaifunika.

Baba yangu bado hana wa jina lake. Wa dada yako ni kitoto, kiko kwa baba yake ng'ambo ya mpaka. Jioni nimemvusha Erastus mpaka wa Malaba, katikati ya akina mama Wakenya wanaorudi kutoka sokoni.

Jumatatu, 14 Machi

Naandikia kwenye benchi la lango la kambi. Anjeline yuko kando yangu. Ametambua kikohozi cha mumewe nyuma ya ukuta, sasa ana furaha. Bado hajui ni nani aliyeliandika jina lile.

Nimemwambia luteni majina yote ni ya wafu, makaburi yapo, twende akaone. Hakukasirika. Alicheka mpaka akafuta macho.

"Mama, orodha yako ni mzuri. Natafuta wafu, napata mzima!" Akanipa karatasi nyingine. "Huyu naachia, ukinipa mwingine. Mzima. Mmoja tu."

Safari hii nimefikiri. Nimepita ukoo mzima kichwani, vijiji vya Masinya na Buhehe, nyumba kwa nyumba. Nikapata jina moja ambalo hakuna mwingine aliyepewa, na mwenyewe hana mtoto. Roselyn. Nimeliandika kwa herufi kubwa wasije wakakosea. Askari ameingia na karatasi ndani.

"Dada, umewaandikia nini?"

Nimemwambia, ile barua yako.

Nasikia buti. Matayo, unikumbuke.