Moyo Umeruka Zamu

Jumapili jioni, Mungaa. Upepo wa kipupwe unapeperusha vumbi. Nimejifunga kanga mbili, lakini baridi yangu haiko nje.

Moyo wangu unaruka.

Ulianza juzi kwenye kinu. Mimi na wifi Maria tunatwanga mtama kinu kimoja, michi miwili, wake ukipanda wangu unashuka. Kijiji chote cha ujamaa hakuna wawili kama sisi. Hata wageni wa wilayani walisimama kututazama. Basi juzi kifuani pakanyamaza, halafu pakapiga teke kama ndama. Mkono ukachelewa, michi ikagongana.

"Wifi, kaka yangu hakukuacha ulale?" Akacheka. Nikacheka naye.

Jana ikagongana tena. Hakucheka.

Mama yangu alikaa chini apumzike kidogo tu. Hakuinuka.

Na sasa Elisi wangu yuko nyumbani. Mtoto wa pekee, anasomea uuguzi Singida mjini, wa kwanza kutoka kijiji hiki, na nimehakikisha hakuna asiyejua. Leo baada ya kanisa niliwaita akina mama waone anavyoshika mkono, anatazama saa, anakwambia moyo wako unakwendaje. Wakapanga foleni uwanjani kwangu. Nilivimba, jamani!

Nikasahau kwamba foleni ina mwisho.

"Mama, lete mkono."

"Mimi? Mwenye moyo wa punda? Ngoja nikasonge ugali."

Hata maji yalikuwa hayajachemka. Wifi akaniangalia.

Nimemficha kwa sababu namjua. Akiyashika mapigo haya harudi chuoni. Atasema, nani atamchotea mama maji? Nafasi yake atapewa mwingine. Mimi niliyemsifu kijiji kizima ndiye nitakayekuwa nimemrudisha.

Lakini lori la mjini linaondoka kesho. Akiondoka hajui, halafu aitwe njiani kama nilivyoitwa mimi kwa mama?

Uani wanatwanga, Elisi na wifi. Tu, tu, tu, hakuna anayekosea. Nasikiliza mdundo wao, nasikiliza wangu. Wangu umeruka tena.

Maji wifi atanichotea. Aliyeona michi ikigongana hahitaji kuelezwa. Nitasema mbele yake: Elisi, pima, kama ni zahanati nitakwenda, lakini kesho wewe unapanda lori. Mimi ndiye mama hapa.

Nimeshakunja mkono wa gauni.