Dumuzi wa Ghalani na Fukusi wa Ziwani

Jumatano usiku

Tumepoteza magunia mawili ya mahindi msimu huu, yamebaki vumbi. Pacha wangu Kulwa analaumu magugu maji ninayoyakausha uani ili nisuke vikapu.

“Dotto, wadudu wako wa ziwani wametumaliza! Toa uchafu wako.”

Uchafu! Vikapu hivyo ndivyo vilivyonunua mabati ya nyumba anayolala. Na nikiyatoa nitayakaushia wapi? Sina pengine.

Namshukuru jirani yangu, Mama Neema. Hakubishana. Jumapili alitia fukusi wa ziwani, mdudu wa kwenye magugu yangu, kwenye kopo la mahindi, na dumuzi wa ghalani, yule tuliyemkuta kwenye magunia, kwenye chupa yenye jani bichi la gugu. Leo tumefungua mbele ya Kulwa. Yule wa ziwani amekufa, punje zote nzima. Dumuzi hakugusa jani, alikuwa anatoboa kizibo cha mti!

“Huyu dumuzi chakula chake ni mahindi na miti mikavu,” akasema Mama Neema. “Yule ni magugu mabichi tu, majini. Haya baba, zile nguzo kuukuu zenye matundu ulizoegemezea magunia ulizitoa wapi?”

Kulwa akakumbuka ana safari ya Buswelu.

Magunia manane yamepona, tumeyaanika na kuyatia dawa. Mungu ambariki mama yule.

Ila kesho kabla ya saa nne, sijaenda ziwani kuvuna mengine, Kulwa aniambie wazi: magugu yangu yanabaki uani, ndiyo au hapana?