Mkono wa Baba Kwenye Picha

Jumatatu, 4 Machi

Maelezo ya ukumbi wa tatu nimemaliza! Wachoraji waliojichora wenyewe. Picha nne ni za marehemu baba, na mkuu wa makumbusho kaniachia mimi niziandikie — binti wa msanii, kasema, nani ajuaye zaidi? Ile ya shati la buluu nimeiandikia: "Msanii mpweke, hana wa kumtazama ila kioo." Nimejipongeza kwa chai.

Jumanne, 5 Machi

Nimechanganyikiwa. Leo fundi wa fremu kazitundika zote nne. Baba alichorea mkono wa kulia. Kioo hugeuza, kwa hiyo katika tatu brashi iko mkono wa kushoto. Ya shati la buluu? Kulia! Kama alivyoonekana kwa mtu aliyeketi mbele yake.

Nani basi aliketi?

Au baba aliamua kurekebisha siku hiyo. Huenda. Saini ni yake.

Jumatano, 6 Machi

Nimemuuliza mama kuhusu picha hiyo akikunja nguo. Hakuinua uso. Yeye alikuwa anaosha brashi tu, kasema, na kunilea mimi. Nikasema, mama, shati hilo limechorwa mpaka uzi wa vifungo, na baba hakuwa na subira ya kuchora vifungo! Akacheka. Halafu akakasirika, nisimchokonoe.

Jioni shangazi kapiga simu — mama hakukawia kumfikishia. Nisimvue nguo kaka yake kaburini. Jina lake ndilo lililonisomesha. Kweli. Tena enzi zile, kasema, mke wa msanii kazi yake kuwapikia chai wasanii. Nani angenunua picha ya mpika chai?

Sasa hapo ananikanya au ananiambia?

Ijumaa, 8 Machi

Maandishi yanachapwa leo alasiri. Nimefuta "mpweke". Nimerudisha. Nimefuta tena. Nikiandika jina la mama naye hataki, nitakuwa nimemwanika hadharani. Nisipoliandika, nimemzika akiwa hai. Mkuu kapendekeza "mchoraji hajulikani". Hajulikani! Mama yangu mzazi!

Mchana mama huyo, kajifunga mtandio wake mzuri, eti alikuwa anapita. Nikampeleka ukumbini. Mkuu akamwamkia, shikamoo mama, akamuuliza kwa adabu kama anajua picha ile kaichora nani. Mama akamjibu: marehemu, kwani saini huioni? Nikapumua. Au niliumia, sijui.

Kisha akavaa miwani, akasogea karibu. Akatazama weee. Akaanza kumlaumu marehemu, akijisemea kwa sauti ya chini: mtu hatulii kitini, kila saa anainuka, na sikio hilo lilitaka siku moja zaidi.

Mkuu kanigeukia. Nikamwambia anipe dakika mbili.

Naandika haya nimekaa ngazini. Mpiga chapa anasubiri. Mlango uko wazi, namwona mama bado yuko pale mbele ya picha — anamuuliza fundi wa fremu kama hana brashi nyembamba.