Nyuki wa Tajiri Wamehama

Kata ya Ramadhani, Njombe

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye nampa shikamoo yake. Miguu bado inamvimba? Sisi tungali hai, ila baridi imetushika kifuani na ukungu hauondoki mpaka saa nne. Mkwe wako Anjela hajambo. Mama yake alipasuliwa tumbo hospitali ya Tandala, sasa anakula mwenyewe. Habari njema ndiyo hiyo. Zilizobaki ni chungu.

Uliniuliza kazi ya nyuki inakwendaje. Haipo tena.

Tajiri wangu, yule mwenye malori Makambako, tangu serikali ilipofungua biashara analeta vitu vya kila namna kutoka nje. Akaleta karatasi za nta za kufunga kwenye fremu, zimechapwa vyumba tayari ili nyuki wajengee juu yake. Vyumba hivyo ni vikubwa kuliko wanavyojijengea nyuki wetu. Muuzaji alimwambia nyuki watakuwa wakubwa na asali itakuwa nyingi. Akaamini.

Kisha ukaingia utitiri. Ni kadudu kekundu, bapa, kanamng'ang'ania nyuki mgongoni kama kupe. Kanaingia kwenye chumba cha mtoto wa nyuki kabla hakijazibwa, kanazalia humo humo. Nikawa nakuta nyuki wachanga wanatambaa kwenye majani, mabawa yamejikunja, hawawezi kuruka. Nilikuwa nawaokota tu, Baba, sijui niwafanye nini.

Afisa nyuki alikuja akatazama. Akasema, "Wako watu wamewarudisha nyuki kwenye vyumba vidogo, utitiri ukapungua. Wengine hawakupata kitu. Siwezi kuwaahidi, lakini jaribuni."

Tulijaribu mimi na Tuliza, mjane wa Kikinga niliyekuwa nafanya naye kazi. Tulitoa zile karatasi, tukabakiza utepe mwembamba wa nta juu ya fremu, tukawaachia nyuki wajenge wenyewe. Masega ya kwanza yalikuwa bado na vyumba vikubwa, kwa kuwa nyuki wenyewe walikulia kwenye vyumba vikubwa. Tukayaondoa kidogo kidogo, wakajenga tena, vyumba vikapungua. Mvua yote tulikuwa kwenye kazi hiyo. Makundi mengine yalikufa. Yaliyobaki yakatulia, utitiri ulikuwepo, lakini wachanga wakaanza kuruka. Siku Tuliza alipowaona alikaa chini kwenye matope akacheka.

Ndipo mama mkwe akazidiwa. Nilimuaga tajiri, nikampeleka mgonjwa Tandala. Niliporudi, Tuliza alinipokea njiani analia.

"Wamekuja vijana wa tajiri na lori," akasema. "Wamekata masega yote, hata yenye watoto. Nimewazuia, wamenisukuma."

Nikafunua mizinga mmoja baada ya mwingine. Mitupu. Nyuki walikuwa wamehama, na ndani fremu zimefungwa tena karatasi mpya za nta.

Nilidandia gari hadi Makambako, nikamkuta tajiri anasimamia kupakia viazi.

"Tajiri, umekata mpaka watoto wa nyuki."

"Mteja alikuwa Dar anaisubiri asali. Wewe hukuwepo."

"Nilikuaga."

"Sasa unalia nini? Nyuki si wamejaa porini? Katege wengine."

Nilivua buti za mpira alizonipa za kazi pale pale barabarani, nikaziweka miguuni pake, nikaondoka peku.

Mwambie kaka Shija, aliyetaka kunifuata huku, abaki na mizinga yako ya magome. Nisalimie shangazi anayekupikia mama akiumwa, na baba mdogo fundi baiskeli. Wakiuliza nafanya nini, waambie napasua kuni za watu. Ni kweli, wala sioni aibu.

Ninachoshindwa kukisahau ni Tuliza. Tulipofunika mzinga mtupu wa mwisho siku ile aliniuliza, "Tutaanza tena lini?" Alikuwa ameshakunja mikono ya gauni. Nikamwambia aende nyumbani.

Mwanao,
Maganga