Unga wa Vigae vya Mama

Ujerumani, kwenye baridi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umeketi uani hapo Liuli, mdogo wangu Agnesi akikusomea. Agnesi, soma yote, usirukeruke kama desturi yako. Magoti yanaendeleaje, mama? Usipa wanapatikana ziwani? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaokohoa.

Agnesi ameniandikia kwamba umeacha kufinyanga. Ndoo za plastiki zimejaa sokoni, chungu hakiulizwi tena, na sasa unataka lile rundo la vigae vya vyungu nyuma ya jiko limwagwe njiani kuziba matope. Subiri kwanza. Nina jambo la kukiri.

Uliuliza natengeneza nini huku. Vyungu, mama, ila havitokani na udongo. Tunaanza na kimiminika kizito kama asali, jamaa ya plastiki, lakini uti wake wa mgongo ni silikoni, kitu kilichomo kwenye mchanga wa ufukweni kwetu. Tunakimimina kwenye kalibu, kikishaganda tunakichoma katika tanuri lililozibwa hewa isiingie. Ndoo ingeteketea, hiki hugeuka kigae kigumu kuliko jiwe. Cheka basi: ndoo imekunyang'anya wateja, na mwanao anaajiriwa kugeuza jamaa yake kuwa chungu.

Shida ilikuwa nyufa. Kikichomwa hutoa gesi, husinyaa, hupasuka. Miezi mingi tulitoa vipande vitupu, na mkubwa wangu, daktari wa kemia, akavitupa pipani. Siku moja nikamwambia, "Kwetu mama husaga vigae akavitia kwenye udongo."

Akacheka. "Bwana Danieli, hapa hatupiki maharage!"

"Maharage yalipikwa kabla chuo chako hakijajengwa," nikamjibu. Unanijua. Nikaviokota vipande vyake pipani, nikavisaga, nikauchanganya ule unga na kile kimiminika. Kikatoka tanurini kizima.

Alipouliza sababu, nilimpa maneno yako: "Udongo mbichi haujui moto. Uchanganye na uliokwisha kuungua, uufundishe." Ulinifunza mimi, mtoto wa kiume, kwa kuwa Agnesi alikuwa hajazaliwa, ukaniapisha kwamba maneno hayo hayatatoka nje ya ua wetu. Nimeyatoa. Yamechapwa kwenye jarida lao, chini ya jina lake peke yake. Nilipofoka, alisema kwa upole, "Mafundi hawaandikwi, bwana. Ndiyo kawaida."

Miaka yote niliwatukana magazetini wakubwa wetu wa serikali kwa kufungua soko kwa bidhaa za nje bila kutuandaa, wakaiingiza nchi motoni ikiwa mbichi. Sifuti hata neno. Lakini mlango wa jiko lako nimeufungua mimi, tena hakuna aliyepiga hodi. Nilifungua ili nishinde ubishi.

Kasirika, mama, una haki. Ila rundo usilimwage. Mfundishe Agnesi, mikono yako ikiwa bado ina nguvu, hata kama hapatakuwa na mnunuzi. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi hata gae nimewaachia watu wa huku.

Nisalimie shangazi muuza usipa, baba mdogo mpiga kengele wa kanisani, na mjomba mwenye shamba la kahawa kule Litembo. Mwambie nimesikia habari za bei ya kahawa, na sina la kumfariji.

Agnesi ukijibu, habari nyingine zinaweza kungoja. Niambie moja tu: rundo bado lipo?

Mwanao aliyeshindwa kutunza neno,
Danieli