Faili Inayoanza na Nukta

Barasa, bwana wangu,

Ni mimi Waiswa, yule wako anayeuza kava za simu hapa Walukuba, Jinja. Usiniulize kama nimekula. Nimekula chapati ya mayai, na nusu yako nimekula pia, maana wewe umechelewa. Unaona, nimeanza na mzaha. Nikianza na ile ingine sitamaliza.

Tangu tukuzike Wanale, mtambo wako wa akina mama wajawazito ulinyamaza. Si unakumbuka, Sister Nandudu anatuma meseji tu kutoka zahanati kule mlimani, "Mama yuko tayari", na laptop yako hapa chumbani inamtafuta bodaboda aliye karibu, anapanda kumchukua mama ampeleke hospitali. Hao bodaboda niliwaleta mimi, kwa mdomo huu. Programu uliandika wewe. Nilikuwa naambia watu: huyu ni kichwa, mimi ni mdomo, tumbo bado tunatafuta.

Baada ya mazishi kaka yako akaja kuchukua laptop, watoto wake wasomee. Haki yake. Nikamwambia, kaka, ngoja nitoe kazi yetu kwanza. Nikafungua folda, nikachagua vyote nilivyoona, nikaweka kwenye flash. Yeye akafuta kila kitu, ikawa kama ya dukani.

Nikapeleka flash Mbale, kwa Nambozo, yule dada wa Namatala uliyekuwa unamfundisha. Akaichomeka kwenye laptop yake. Programu ikagoma.

"Waiswa, faili ya env, ile ya funguo za siri, iko wapi?"

"Mimi nimebeba vyote nilivyoona, dada."

Akashika kichwa. "Jina lake linaanza na nukta. Faili ya hivyo inajificha, haionekani mpaka uitafute."

Hapo nikakusikia, Barasa, na mafuta ya chapati mdomoni: "Programu mwonyeshe yeyote. Funguo zikae kwa faili yake, pembeni, asizione mtu." Nikakucheka, nikasema huyu mtoto wa afande anaficha mpaka chumvi. Uliificha vizuri, bwana. Vizuri sana.

Siku hiyohiyo, kabla hatujamwambia Sister kitu, alituma meseji. Akangoja. Akadhani boda anateleza kwenye tope. Mwisho watu wakamteremsha mama kwa mabega. Mama yuko hai. Mtoto hakulia.

Sister hakunigombeza. "Nilituma, Waiswa, nikangoja," basi. Afadhali angenipiga.

Kwenye flash Nambozo akapata faili ingine, umeiita "mfano". Umeandika majina ya funguo zote, na mbele ya kila jina hakuna kitu. Nikaitazama. Majina yote yapo, ndani hamna. Nikatoka nje, nikajifanya nakohoa.

Tukaanza kuzitafuta upya. Watu wa kampuni ya meseji wakasema aje mwenyewe. Nikawaambia mwenyewe yuko Wanale, chini, mkiweza kumleta na mimi mniite nimwone. Hawakucheka. Tukawapelekea karatasi ya kifo, wakatoa ufunguo mpya. Pale ulipoweka namba za bodaboda pakakataa kabisa kufunguka, kwa hiyo nikazunguka tena, stendi kwa stendi, kutoka Namatala mpaka chini ya mlima. Kila mmoja ananiuliza, "Na Barasa?" Mdomo huu unaoujua, bwana, ulichoka.

Jana likabaki jina moja tupu: NAMBA_YA_MWISHO. Nambozo akasema hiyo ndiyo simu inayolia kama bodaboda wote wamekosekana. Akatazama kwenye programu, akaona ulivyoeleza: ni simu yako mwenyewe.

Kumbe. Kumbe ndiyo maana ulikuwa unaacha chapati katikati, unawasha pikipiki, unaenda bila kuaga! Hiyo ni tukiwa Mbale, lakini hata ukiwa huku Jinja, mbali na mlima, ulikuwa unakaa barazani unapiga simu mpaka boda apatikane. Mimi nilikuwa naambia watu una mwanamke.

Nikamwambia Nambozo aandike yangu.

Leo Sister amejaribu, imejibu. Nakala ya faili iko kwa Nambozo, na ingine kwa Sister, kwenye kabati la dawa, amefunga. Haitakufa tena na mtu mmoja.

Lala, Barasa. Unanijua mimi, simu nilikuwa nazima nikitaka usingizi wangu. Sasa haizimwi. Ikilia, naacha chapati.

Wako,
Waiswa