Mwaka Niliotoka Nyamulinga

Gungu, Kigoma
19 Januari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu wewe na Mama, nikiomba barua hii iwakute mnapumua vizuri, hasa Mama na kifua chake. Huku kwa shangazi Jovita sote ni wazima. Erica ameanza darasa la tatu na tayari amegombana na mwalimu wa hesabu. Sijui karithi kwa nani.

Naandika kwa sababu huko kwenu simu haishiki mpaka mtu apande kilimani, na jambo hili si la kupigiana kelele mtu amesimama juu ya jiwe.

Unajua tangu nimalize chuo Morogoro nimezunguka na vyeti vyangu mji mzima. Kila ofisi inauliza mambo mawili: uzoefu wa kazi, na nani anakufahamu. Uzoefu sina, ndiyo maana naomba kazi. Wanaonifahamu ni nyinyi. Basi nikasikia kuna umoja wa wasichana waliosoma Nyamulinga, shule yangu ile. Wana grupu la Watsapu, na wametapakaa kila mahali: bandarini, benki, hospitali, halmashauri. Mmoja akisikia nafasi anaitangaza humo. Wakubwa wanawasomea wadogo zao barua za maombi, wanawafundisha kujibu maswali ya usaili, wanakubali kuandikwa wadhamini. Wawili niliosoma nao chuo wamepata kazi kwa njia hiyo. Hawakubebwa, Baba. Walijulishwa mapema, wakajiandaa, wakaenda.

Nikaomba kuingia, nikaingizwa. Kisha mwenyekiti, dada Joanitha, akaniuliza nilimaliza mwaka gani. Nikamwambia sikumaliza. Nilifukuzwa kidato cha tatu, mwaka 2016, kwa ajili ya mimba ya Erica.

Akaniita ofisini kwake. Akaniagizia chai, akafunga mlango.

"Mdogo wangu," akasema, "katiba yetu inasema mwanachama ni aliyemaliza."

"Dada, nimesoma pale, nimelala pale, nimefyeka majani pale."

"Najua, na nataka kukusaidia. Tutaandika kwamba ulihama. Ukiulizwa, sema baba yako alihamishwa kikazi. Mtoto usimtaje. Barua ya utambulisho nitakuandikia mwenyewe, na kwa jina langu milango itafunguka."

Wewe uhamishwe kikazi! Michikichi yako ingepakiwa kwenye gari gani?

Ameniambia nifikirie. Nishauri, ingawa moyo wangu umeshakataa.

Mwanao,
Melania


Kalya
30 Januari 2025

Mwanangu Melania,

Marahaba. Barua ameileta Alphonce wa boti, ikiwa imelowa pembeni lakini inasomeka. Mama yako anakohoa asubuhi tu, mchana anafoka kama kawaida, kwa hiyo mshukuru Mungu. Mimi nipo.

Umeomba ushauri, nakupa. Sema ulihama.

Uongo uko wapi? Ulikuwa Nyamulinga, halafu ukawa hauko Nyamulinga. Mtu akitoka hapa akaenda pale, sisi tunasema amehama. Huyo dada amekuonea huruma. Wangapi wanaonewa huruma na mtu mwenye ofisi na mlango wa kufunga?

Mimi nimekanyaga matope na maneno ya watu kwa sababu ya jambo lile. Kanisani walikuwa wanasogea nikikaa. Sasa yamepoa, watu wameanza kuniita baba wa msomi. Unataka uyachochee tena ili iweje? Mtoto anataka kula na kuvaa. Chukua barua, upate kazi, mengine utayasema ukiwa umeshiba.

Una mdomo mgumu, mwana wanje, mwanangu. Safari hii ufumbe.

Baba yako,
Selestini


Gungu
9 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini Mama anaendelea vyema na kwamba mvua haijawasumbua. Sisi wazima.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na najua umeiandika kwa kunipenda. Lakini nimechelewa kutii. Juzi niliandika kwenye grupu, watu wote waone. Nakunakilia nilichosema, usije ukasikia kwa wengine kimeongezwa chumvi:

"Naitwa Melania Selestini. Niliingia Nyamulinga mwaka 2014, nikafukuzwa 2016 nikiwa na mimba. Mtihani wa kidato cha nne nilifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikisoma masomo ya jioni pale Mwanga na mtoto mgongoni. Leo nina shahada ya sayansi ya chakula na natafuta kazi. Sikuhama. Kama humu kuna mwingine aliyeambiwa aseme alihama, namba yangu ndiyo hii."

Mtu mmoja akaweka alama ya mikono ya kuomba, sijui ananiombea au anashangaa. Halafu dada Joanitha akaniondoa.

Shangazi Jovita ananisemesha kwa kupitia Erica. "Mwambie mama yako chakula kiko mezani." Na mimi nimesimama hapo hapo.

Baba, ningekubali lile neno, kila siku ya kazi ningeingia kwa kuchungulia. Kila simu ya Erica ingenifanya nitoke nje. Na yeye angejua. Watoto wanajua wanapofichwa. Nitatafuta kazi bila barua ya mtu, na nikikosa, nitakosa kwa jina langu.

Kama ni kunigombeza, nigombeze, ila usininyime barua.

Mwanao,
Melania


Gungu
25 Mei 2025

Baba,

Shikamoo, na nyingine umpe Mama. Sijui hali yenu ila kwa kumuuliza Alphonce. Ananiambia barua zangu anakukabidhi mkononi, unazipokea, unazitia mfukoni, unaongea naye habari za mawese. Basi wewe nyamaza, mimi nitaandika. Hatuwezi kununa wote wawili.

Kuna mtu anaitwa Shadia. Alikuwa mkuu wa bweni letu, kidato cha tano mimi nikiwa cha tatu. Siku ile nilipofukuzwa ndiye aliyenisaidia kubeba sanduku mpaka barabarani, akasimama nami mpaka gari lilipokuja, na kwa hilo akapewa adhabu. Sasa anafanya kazi maabara ya hospitali moja hapa mjini. Mwezi wa tatu akanipigia.

"Wamekufuta kwenye grupu," akasema, "lakini namba yako nilikuwa nimeshaihifadhi."

Hakuwa peke yake. Wapo waliofurahi na hawakuthubutu kuandika. Na wapo wawili ambao kweli waliambiwa waseme walihama, Baba. Mmoja ni muuguzi, mtu mzima, watoto wake wakubwa, na mumewe hajui mpaka leo.

Tukaanza kukutana nyumbani kwa Shadia, Mwanga, Jumapili mchana. Akausoma wasifu wangu wa kazi akaguna. "Umeandika kama unaomba radhi. Mwezi mzima ulipima unga kiwandani kwa mafunzo, umeuficha chini kabisa. Upandishe juu." Tukaandika upya. Muuguzi akakubali kuwa mdhamini. Kisha mtu mmoja aliyesoma naye zamani akamdokeza Shadia kwamba kuna kampuni mpya Kibirizi ya kufungasha dagaa, inatafuta mtu wa kupima ubora, na tangazo limebandikwa getini tu. Mimi nisingepita getini pale mpaka leo. Nikapeleka maombi.

Wakaniita kwenye usaili. Jumapili iliyotangulia Shadia na wenzake walinikalisha kwenye kiti cha plastiki wakanihoji kama polisi. Nilipojibu kwa sauti ndogo, Shadia alikuwa anasema, "Hatujasikia." Nikarudia mpaka wakasikia.

Siku yenyewe kulikuwa na mzee wa miwani na mama mmoja wa makamo. Mzee akagusa karatasi yangu.

"Hapa katikati shule inakatika. Ulikuwa wapi?"

"Nilifukuzwa kwa mimba. Nikajifungua, nikalea, nikasoma. Uliza lingine, mzee wangu."

Baba, ilitoka hivyo hivyo. Nikadhani nimejimaliza. Yule mama akacheka, akasema, "Haya, tuambie dagaa akianikwa mchangani anapata nini." Hapo nikaongea mpaka wakasema inatosha.

Sijajibiwa. Nangoja.

Mwanao,
Melania


Kalya
8 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako mzima, mimi mzima, mbuzi amezaa.

Nilinyamaza kwa sababu nilikasirika. Niliposoma habari ya huyo mzee wa miwani nikamsomea mama yako, na mama yako akanilazimisha nirudie pale uliposema uliza lingine. Amecheka mpaka kikohozi kikamrudi. Sasa sijui kama bado nimekasirika.

Huyo Shadia mwambie namshukuru kwa sanduku. Sikujua kuna mtu alilibeba.

Wamejibu?

Baba yako,
Selestini


Gungu
13 Julai 2025

Baba yangu,

Shikamoo! Kifua cha Mama vipi? Nimempa Alphonce asali na dawa aliyoandika Shadia, usimwache achanganye na zile zake za mizizi.

Wamejibu. Nimeanza kazi. Ninavaa koti jeupe na viatu vya mpira, nanuka dagaa kuanzia asubuhi, na Erica anasema nisimkumbatie mpaka nioge. Mshahara unafika. Shangazi Jovita ameanza kunisemesha moja kwa moja.

Sasa sikiliza. Habari zilipoenea, dada Joanitha akanipigia. Picha yangu wameshaiweka kwenye grupu: "Binti yetu wa Nyamulinga ang'ara." Akanialika kwenye mkutano mkuu nizungumze na wahitimu wapya. Nikamuuliza, "Mimi ni mwanachama?" Akasema tusianze hayo. Nikasema nitakuja.

Nilienda na Erica, nikamkalisha mstari wa mbele. Niliposimama sikueleza habari ya dagaa. Nilitaja mwaka niliotoka na sababu, nikawaonyesha sababu yenyewe imekaa pale na gauni la njano, nikaomba katiba ibadilishwe: aliyesoma Nyamulinga ni wa Nyamulinga. Watu waliguna. Wengine walitoka nje. Dada Joanitha akasema tunaitia shule aibu. Ndipo yule muuguzi akasimama nyuma, akasema, "Na mimi sikuhama." Akakaa. Ukumbi wote ukageuka kumtazama.

Kura haikupigwa. Wamesema kamati itajadili. Wajadili. Sisi Jumapili tunaendelea kwa Shadia, na mlango hauulizi cheti. Wiki iliyopita walikuja watatu wapya. Mmoja nimempeleka mwenyewe kwa bosi wangu kuomba nafasi ya mafunzo.

Najua hili litafika huko Kalya, na kanisani watasogea tena. Kama utakasirika, kasirika. Sitarudi nyuma.

Mwanao,
Melania


Kalya
14 Septemba 2025

Mwanangu Melania,

Marahaba. Dawa imemfaa mama yako. Mizizi nimeificha.

Ni kweli limefika. Na ni kweli wamesogea. Safari hii nilijinyoosha kwenye benchi, maana nafasi ilikuwa kubwa.

Sasa na mimi nina habari. Unamkumbuka Leonia, binti wa jirani yetu Yona? Alijifungua mwezi wa nne, alikuwa kidato cha pili. Siku hizi serikali inaruhusu warudi, lakini Yona alipompeleka shuleni akaambiwa asubiri mwakani, nafasi hakuna. Yona ni mtu wa kuitikia, akaitikia, akarudi naye nyumbani. Binti akashikishwa jembe.

Nikamwambia Yona, kesho tunakwenda wote. Mwalimu mkuu akatupokea vizuri, akarudia yale yale. Nikamwambia sawa, tutasubiri, nikaketi kwenye kiti chake cha wageni. Akasema, "Mzee, hapa ni ofisini." Nikasema naona. Akasema ana kazi. Nikasema fanya, mwalimu, mimi sina haraka, chakula nimebeba. Tulirudi siku ya pili, na ya tatu. Yona siku ya kwanza alikuwa ananivuta shati. Siku ya tatu yeye ndiye aliyetangulia kuketi.

Leonia yuko darasani tangu Jumatatu. Mama yake anamshikia mtoto. Lakini ana woga, hanyooshi kidole, na mapumziko anakaa peke yake. Mwandikie. Shadia naye amwandikie, na huyo muuguzi, na wenzenu wote wa Jumapili. Ajue kabisa kwamba akimaliza kuna watu wanamngoja huko mjini.

Sare ya zamani haimwenei tena. Mama yako ameifumua ubavuni akaongeza kitambaa, na rangi haikulingana. Akipita barabarani watu wanamtazama.

Wamtazame.

Baba yako,
Selestini